Pembe ya Kushoto

Fundi makochi huongea huku misumari ameibana midomoni, kwa hiyo maneno yake ni mafupi, na ukitaka kujua amekubali au amekataa, tazama nyusi. Kochi likiisha, halitazami. Hufumba macho akalibonyeza kwa kiwiko pembe hadi pembe, kama daktari anayetafuta tumbo linapouma. Siku mteja mmoja alipofuata lake, gari la mizigo likinguruma mlangoni na mama mkwe wake akitarajiwa nyumbani saa kumi, kiwiko kilifika pembe ya kushoto kikasita. Fundi akatema misumari kiganjani.

"Dada, hapa niliweka sponji kuukuu. Mpya iliniishia, nikasema ikija nitaibadilisha, nikapitiwa."

"Kwani nani ataiona?"

"Hakuna."

"Basi tupakie, fundi!"

Nyusi zikakataa. Akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari aliyoipigilia mwenyewe jana, mmoja mmoja, taratibu, asichane kitambaa. Mteja akaja juu. Akamwita mbishi, akatazama saa, akamwita mbishi tena. Kitambaa kilipofunuka, akaiona ile sponji: ya kijivu, inamomonyoka kama mkate mkavu. Kisha akavuta kigoda, akakinga kiganja.

"Lete misumari nikushikie, usije ukaimeza."

Saa kumi na nusu mama mkwe aliketi pembe ileile ya kushoto, akakisifu sana kitambaa.

"Hicho si kitu, mama," mkwewe akamwambia. "Ungeona ndani!"