Matairi Niliyoyavua

Nianze na ya kujisifu, maana ya aibu yatakuja yenyewe. Mimi najua matairi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Malangali, hapa Sumbawanga, na nafundisha upande wa Kasense, na kwa miaka saba nimekwenda na kurudi kwa baiskeli ya gia, ile ya matairi manene ambayo vijana wa mjini wanaiita mauntein. Pancha naziba mwenyewe. Tairi nalibandua kwa mipini ya vijiko viwili, na hadi mwaka wa habari hii nilikuwa sijawahi kutoboa tyubu kwa kijiko, jambo ambalo mafundi wawili ninaowajua pale sokoni hawawezi kulisema mbele yangu.

Mwaka huo, mvua zikiwa zimekolea, nilinunua matairi mapya mawili. Sikununua hivi hivi. Nilizunguka sokoni Jumamosi tatu. Muuzaji wa kwanza alinionyesha tairi linalong'aa, nikapitisha kidole kikatoka cheusi. Alikuwa amelipaka dawa ya viatu. Nilimwambia, wateja wake wakisikia, kwamba hilo avae yeye mguuni aende nalo kanisani. Wa pili alikuwa na matairi ya kashata ndefu, yaani yale meno, na asiyejua hudhani meno yakiwa marefu ndiyo mazuri. Udongo wetu wa masika hushika katikati ya meno yaliyobanana, ukifika bondeni unasukuma donge la matope. Nilitaka meno mafupi katikati, marefu pembeni, yaliyoachana, na ubavu mgumu usiotishwa na jiwe. Niliyapata kwa mzee mmoja aliyechoka kubishana nami. Nikayafunga siku hiyo hiyo, mshale wa mzunguko ukitazama mbele, na Jumatatu nikapanda kilima chote bila kushuka. Nilijiona mtu.

Wakati huo nyumbani tulikuwa na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Alikuwa ameolewa huko ziwani Tanganyika, mumewe akaleta mwanamke mwingine ndani, naye akarudi Sumbawanga na begi moja. Alilala sebuleni. Godoro lake alilikunja kila alfajiri kabla hatujaamka, akalificha nyuma ya kochi, ili tukitoka chumbani tukute sebule ni sebule.

Sikumpenda. Niseme tu, maana hata nikizunguka mtalijua. Alicheka kwa sauti, alitia chumvi kwa mkono wa watu wa samaki, na siku alizopika yeye mume wangu alisema ugali wa ulezi umeiva vizuri leo. Mimi nilimpikia miaka kumi na moja, ugali wangu sijui ulikuwa unaivia wapi. Wala hakunikosea lolote. Aliniita wifi kwa adabu, akanifulia hadi soksi. Lakini moyo ukishachoka na mtu, hata akikupumulia jirani unaona anakumalizia hewa.

Jumapili moja akasikia kanisani kwamba shule fulani ya bweni, njia ya kwenda Kaengesa, inatafuta mpishi. Wanaotaka wafike Jumatano saa mbili asubuhi, wapike mbele ya matroni, achaguliwe mmoja. Aliporudi alikuwa na uso mwingine kabisa. Alitusimulia akiwa amesimama, kijiko mkononi, na jambo moja alilirudia mara tatu: kazi ile ilikuwa na chumba. Chumba chenye mlango na kufuli, nyuma ya jiko la shule. Gari la kwanza la upande ule hupita saa tatu. Jumanne mchana akaniomba baiskeli.

Sasa lazima nieleze kitu. Kwetu Ufipa huwezi kumnyima mtu baiskeli. Bora umnyime chakula, utasema hakikutosha. Baiskeli iko pale ukutani, kila mtu anaiona, utasema nini? Basi tumejitengenezea ustadi wetu. Mtu akiiomba leo, wewe unaiingiza ndani ukisema unaangalia breki, na ikitoka kesho haina kengele, pampu imebaki, kiti kizuri kimekuwa kile kilichochanika, na ule mpira wa kufungia mzigo umegeuka kipande cha katani. Tunaita kuivua baiskeli. Marehemu baba alikuwa bingwa wa kuvua, alifika mpaka kwenye pedeli. Hakuna anayeulizwa, kwa kuwa kila mmoja ana siku yake ya kuvua na siku yake ya kuvuliwa.

Lakini matairi? Sijawahi kusikia mtu aliyevua matairi. Mimi nilivua.

Jioni ile, mume wangu bado yuko kazini na wifi amekwenda kuchota maji, niliigeuza baiskeli miguu juu nyuma ya nyumba. Nikayatoa matairi yangu mapya, nikayafuta, nikayapeleka stoo nyuma ya magunia ya mahindi, nikarudisha yale ya zamani. La mbele lilikuwa kipara. La nyuma lilikuwa limewahi kupasuka ubavuni, nikalishona kwa uzi wa nailoni na kulitia kiraka kwa ndani. Kwa kwenda sokoni lilitosha. Kwa njia ile ya mawe na miteremko, na mvua zilizokuwa zikinyesha, nilijua. Nisijitetee kwamba sikujua, maana nimetoka kuwaambia kwamba matairi nayajua.

Nilijiambia litafika. Nilijiambia pia kwamba hataona kitu, mtu wa ziwani anajua nyavu na dagaa, tairi kwake ni tairi. Na ujinga wenyewe, jamani, ni kwamba hakuna aliyetaka apate kazi ile kuliko mimi! Nilitaka aondoke. Nilikuwa nimeshapanga kochi litahamia upande gani. Halafu kwa choyo cha mipira miwili nikamkatia njia mtu niliyekuwa nikimwombea safari.

Alitoka saa kumi na moja alfajiri, amevaa sweta la mume wangu, kisu chake cha jikoni amekifunga kwenye kanga. Nilimsikia akiufungua mlango polepole asituamshe. Nilikuwa macho. Nikavuta blanketi.

Alirudi saa nane mchana akiisukuma baiskeli. Siku hiyo nilikuwa nimewahi kutoka shuleni, nikamwona tangu anakata kona. Viatu kavishika mkononi, matope yamempanda hadi magotini, na gurudumu la nyuma amelizungushia kipande cha kamba ya katani ili rimu isiliwe na mawe. Tairi lilipasuka nusu ya njia, pale pale kwenye mshono. Alikimbia na baiskeli mkononi. Alipofika wenzake walikuwa wanaosha sufuria, na mtu alikuwa ameshachaguliwa. Matroni alimpa maji ya kunywa.

Hayo alinieleza baadaye. Pale uani, kabla hata hajaweka viatu chini, alisema, "Wifi, nisamehe. Nimekuharibia tairi."

Na mimi, mwalimu wa watoto wa watu, nilimsamehe. Nilimwambia asijali, ni vitu tu, vitu hupita. Nilisema kwa sauti ya upole ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia joto shingoni. Jioni mume wangu aliposikia alimgombeza. Alimwambia kitu cha kuazima kinaangaliwa kwa macho mawili, kwamba mwalimu anakitegemea kwa kazi, kwamba ajifunze kutunza vya watu. Wifi aliinama akapokea yote. Mimi nilikuwa nachambua maharage pembeni yao. Niliendelea kuchambua.

Kesho yake asubuhi nilijikuta nimenasa. Nikiyatoa matairi mapya stoo, nimejiumbua. Nikiyaacha, natembea. Basi nilitembea kwa miguu Kasense wiki mbili, mvua ikininyeshea, huku matairi mazuri kuliko yote ya Malangali yamelala na panya. Walimu wenzangu walinipa pole, nikaipokea.

Wiki hizo wifi alikuwa anatoka mapema kuliko mimi. Nilidhani anatafuta kazi nyingine. Kumbe alikwenda kung'oa maharage kwenye mashamba ya watu kule kule Kasense, kibarua cha kuinama kutwa. Jumamosi ya pili aliingia uani na tairi jipya begani. Lilikuwa tairi zuri. Meno yameachana, ubavu mgumu. Alilisimamisha mbele yangu akasema alimwambia muuzaji ampe la aina anayonunua mwalimu. Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa maganda.

Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilileta vijiko vyangu, nikageuza baiskeli, yeye akachuchumaa kunishikia gurudumu. Nilibandua lile lililopasuka. Mshono wangu ulikuwa umefumuka wote, nyuzi zimening'inia, na mkono wake ulikuwa karibu kabisa na nyuzi zile. Nikalipaka gurudumu sabuni, nikaingiza tairi lake upande mmoja. Upande wa pili ulikataa. Nikalazimisha, na kwa mara ya kwanza maishani nilitoboa tyubu kwa kijiko. Tulisikia wote upepo ukitoka.

Nikaweka kijiko chini. Nikasema, "Wifi, yale matairi mapya yako stoo. Niliyavua mimi jioni ile."

Hakuinua uso. Alikuwa anatafuta tundu kwa kidole.

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Jumapili ile, aliporudi kanisani na habari ya kazi, yeye ndiye aliyeifuta baiskeli yangu, na matairi yalikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira vya tairi jipya. Jumatano alfajiri alibonyeza upepo kabla hajatoka. Vinyweleo havikuwepo. Akapapasa ubavuni, akaukuta uzi. Alisimama uani kidogo, akafikiri atugongee mlango. Halafu akapanda akaenda.

Nikamuuliza kwa nini, basi, aliniomba msamaha. Kwa nini alinyamaza kaka yake alipomgombeza, kwa nini amevunja mgongo wiki mbili kulipia kitu anachojua hakukiharibu. Nilikuwa karibu kumkasirikia. Nilitaka anitukane ili tulingane.

Ndipo akaniangalia, wala hakuwa na hasira yoyote usoni, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ningesema nini, wifi? Mimi nalala kwako."

Akaniomba kiraka. Nikampa. Alikwangua tyubu, akapaka gundi, akaipuliza ikauke, na kazi yote hiyo aliifanya vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya.