Cheti Kisichovuka Mpaka

Nilikuwa nimepika miaka kumi na miwili katika hoteli za Kisumu nilipovuka mpaka kwenda Mwanza kuomba kazi ya mpishi. Meneja wa hoteli moja huko alinijaribu jikoni. Nikampikia samaki, akala akamaliza, akaniomba nimwongezee. Kisha akasoma cheti changu na kukisukuma kando.

"Dada, hiki cha Kenya hatukitambui. Itabidi uanze chuo upya."

"Mbona hukuniambia kabla ya kula?" nikamuuliza.

Akatazama simu yake. Nikachukua cheti changu nikatoka kwa hasira. Wakubwa wetu wa Afrika Mashariki wamesaini mikataba ya kutambuliana vyeti, wakapigwa picha wakitabasamu, halafu mimi naambiwa nirudi darasani na vijana wa umri wa mwanangu! Nilirudi Kisumu kesho yake, na hasira hiyo bado sijaimeza.