Vidonge vya Mtu Mmoja

Siku niliyoanza kazi, katika zahanati ya serikali huko Kinondoni, Bwana Mganga alimwaga kopo zima la aspirini juu ya sinia akaniambia nihesabu. Nilikuwa nimefika kutoka Masasi na suruali moja ya heshima, miaka michache tu baada ya Uhuru. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Alinichapa mkono kwa rula, si kwa nguvu, lakini nikaelewa.

"Vidole hivyo ni vya kulia ugali," alisema. "Dawa haishikwi."

Akanipa kijisu butu cha bati, spachula, akanionyesha namna ya kuvuta vidonge vitano vitano hadi ukingoni mwa sinia. Serikali ilituita watoa dawa. Wazee wa mitaani walituita makompaunda. Kazi yetu ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha, kupokea cheti alichoandika mganga, kutoa kilichoandikwa na kumweleza mgonjwa namna ya kukitumia.

Nyie watoa dawa wa leo, mnaoletewa dawa ndani ya vijisanduku vya kupendeza, hamjui raha tuliyoipata. Dawa za maji, tulizoziita mikscha, tulizichanganya wenyewe, na kila mgonjwa alikuja na chupa yake. Nilimimina dawa ya kikohozi katika chupa za soda, za mafuta ya nazi, na siku moja katika chupa ambayo harufu yake ilimfanya mwenyewe aape mara tatu kwamba kaiazima kwa jirani. Kwa asiyejua kusoma, nilichora kwenye bahasha jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, kisha chini ya kila picha nikatia nukta za vidonge.

Bwana Mganga alikuwa mkali, na nilimpenda. Kanuni yake kubwa ilikuwa moja. "Kijana, dawa ikishavuka dirisha si yako tena. Wewe hakikisha imevuka ikiwa sahihi." Niliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Ilinipatia sifa nyingi, na ndiyo ninayoijutia hadi leo.

Baada ya Azimio la Arusha nilihamishiwa zahanati moja ya Temeke. Hapo palikuwa na foleni ndefu kuliko Kinondoni, paa la bati, na jokofu moja la mafuta ya taa lililotunza chanjo. Kila Jumanne alikuja Daktari wa Wilaya, Mhindi aliyezaliwa Lindi, mwenye Kiswahili cha kusini kilichonifanya nijisikie nyumbani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akimaliza kumpima mgonjwa alisafisha miwani kwa tai yake, ndipo aseme.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, jua likiwa kali kiasi cha bati kulia, aliingia Bi Somoe. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Sisi wote tulikuwa tunatokwa jasho. Yeye alivaa sweta na juu yake khanga mbili. Uso ulikuwa umevimba, kope nzito, na sauti yake nene na ya taratibu kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Mkononi alishika barua ya balozi wa nyumba kumi.

Barua ilisema kwamba msimamizi wa kiwanda amelalamika: huyu mama analala kwenye mashine. Ameonywa mara mbili. Akikutwa tena, ataachishwa kazi. Vijana, ni lazima niwaeleze uzito wa jambo hilo. Siku zile neno mvivu halikuwa tusi dogo. Mvivu alikuwa kupe, adui wa wenzake, na jina lake lilitajwa mkutanoni watoto wake wakisikia. Balozi hakuwa mtu mbaya. Alimtuma zahanati ili mganga athibitishe kwamba hana ugonjwa, mambo yaishe.

Daktari alimshika mkono akahesabu mapigo ya moyo, akatikisa kichwa. Akampigisha magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia, akamgonga kano iliyo juu ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka, kisha ukarudi polepole mno, kama mlango wenye kutu.

"Bi Somoe," alisema huku akifuta miwani, "choo unapata?"

"Kwa tabu, Daktari."

"Nywele?"

Akafunua ushungi kidogo. Zilikuwa zimepukutika.

"Uvivu hauvimbishi kope wala hauondoi nywele," Daktari akaniambia mimi, kana kwamba ndiye niliyeandika barua. "Shingoni mwa kila mtu kuna tezi inayochochea mwili, kama anayepepea jiko la mkaa. Ya huyu imelala."

Bi Somoe akaanza kulia. Nilidhani ni kwa hofu. Alipofuta machozi alisema, "Kumbe si mie."

Daktari aliandika barua ya kwenda kiwandani, kisha cheti cha kuja dirishani kwangu. Vidonge vya tezi vya wakati ule vilitokana na tezi za wanyama zilizokaushwa na kusagwa. Bi Somoe, Mwislamu safi, alitaka kujua ni mnyama gani, na Daktari, Mwislamu vilevile, aliagiza kopo, akalisoma lote, akamwambia ni ng'ombe. Nikamhesabia vya mwezi mzima, kimoja kila asubuhi, kabla ya kula kitu.

Mwezi wa tatu wa kumeza vidonge alikuja bila sweta. "Kaka kompaunda," alisema dirishani kwa sauti iliyosikika foleni nzima, "leo nimesikia joto!" Watu wakacheka. Sijawahi tena kumwona mtu wa Temeke akishangilia joto.

Laiti ingeishia hapo. Baada ya muda khanga ya pili ilirudi mabegani, kisha sweta. Daktari akaongeza vidonge viwe viwili. Akapata nafuu, akazama tena. Vikawa vitatu. Vikawa vinne. Daktari alianza kuishuku dawa yenyewe, kwa kuwa vidonge vile, tofauti na hivi vya siku hizi vinavyotengenezwa kiwandani tangu mwanzo, vilitofautiana nguvu kopo kwa kopo, na unyevu wa pwani uliviharibu. Nikahamishia kopo kwenye jokofu la chanjo. Nikaandika barua kwa Mfamasia wa Mkoa kuomba kopo jingine. Tulilaumu joto, tukalaumu meli iliyoleta dawa, tukalilaumu kopo.

"Vidonge vinakwisha kwa wakati?" nilimuuliza kila mwezi.

"Vinakwisha, kaka," alinijibu kila mwezi, akiangalia pembeni.

Nami nikaandika kwenye kadi yake: anameza kama alivyoelekezwa. Alisema kweli, vilikwisha. Sikuuliza vinakwishia tumboni mwa nani.

Masika ya mwaka uliofuata Bi Somoe alipatwa na nimonia akalazwa hospitali ya mjini. Kadi yake ilikwenda naye, na ilisema vinne. Sista wa wodi akampa vinne kila asubuhi, akisimama mbele yake hadi ameze.

Wiki ya tatu ya kulazwa kwake, nikiwa dirishani, foleni ikiwa hadi barazani, alifika mama mmoja wa makamo ambaye sikuwahi kumwona. Alijifunika blanketi. Alipita wenzake taratibu, akaweka kikopo kitupu mbele yangu. Nilikitambua, kilikuwa na mwandiko wangu.

"Mwanangu," alisema, "mie ndiye Bi Tatu, dada yake Somoe. Mwenzangu kalazwa, na fungu langu limekwisha. Nimekuja kulichukua."

"Fungu lipi, mama?"

"Hilo la vidonge. Siku zote tunagawana. Yeye nusu, mie nusu."

Baadaye nilikuja kuelewa yote. Mama yao alifariki Lindi, Somoe akiwa mdogo, na Bi Tatu ndiye aliyemlea, akamleta mjini, akamwozesha. Kila kilichoingia nyumba ile kiligawanywa: sukari, unga, sabuni. Bi Tatu alipoona mdogo wake anaamka, alisema, na mie nina kama yako, nionjeshe. Nani angemnyima aliyemlea? Na kila tulipomwongezea Somoe, fungu la dada nalo likaongezeka.

Lakini saa ile sikuelewa hayo. Nilielewa kitu kimoja tu: Bi Somoe, aliyezoea viwili, alikuwa anamezeshwa vinne kwa wiki tatu, na vinne vingemuua kwa moyo kwenda mbio. Hofu yangu ikageuka hasira. Sikuwa nimempa mama yule hata shikamoo, na sasa nikampigia kelele mbele za watu.

"Umekuwa unamwibia mgonjwa dawa! Unataka kumuua mdogo wako? Huna kadi, huna cheti, una tamaa tu!"

"Sijaiba, mwanangu. Nasikia baridi."

"Watu wote wanasikia baridi, ni masika! Nenda nyumbani!"

Nikafunga dirisha, nikachukua baiskeli ya zahanati, nikakanyaga kwenye mvua hadi hospitali. Nilimkuta Bi Somoe amekaa kitandani, macho yamemtoka, jasho linamtiririka, mikono ikimtetemeka hata kikombe hakishikiki. Moyo ulikuwa unapiga kiasi cha kuonekana juu ya kanzu. Madaktari walikuwa wanatafuta homa ambayo haikuwapo. Nikawaeleza. Vidonge vikasimamishwa saa ile ile, na Daktari wa Wilaya akaitwa. Alipomaliza kumpima alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umemwokoa," alisema. Akafuta miwani. "Na huyo dada yuko wapi?"

"Nimemrudisha nyumbani, Daktari. Hakuwa na cheti."

Alirudisha miwani machoni. "Tezi za namna hii hufuata damu. Dada mtu anaweza kuwa nayo kweli. Anasikia baridi?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mlete kesho asubuhi. Usingoje Jumanne."

Kesho yake ilikuwa siku ya kukagua stoo, na mkaguzi kutoka mkoani alikuwa amefika. Nilijiambia mtu aliyekuja kwa miguu yake anaweza kungoja siku moja. Nilikwenda siku ya pili. Nilipokaribia nyumba niliona majamvi yametandikwa uani na wanawake wamekaa kimya. Jirani alinieleza kwamba Bi Tatu alilalamika baridi, wakamwekea jiko la mkaa miguuni, akalala. Walipomwita hakuitika, na mwili wake ulikuwa baridi hata kabla roho haijatoka. Nikasimama mlangoni na viatu vyenye matope. Hakuna aliyejua mimi ni nani.

Daktari hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Aliutambua ugonjwa wake kabla yetu, na hatukumuuliza," akaenda kumwona mgonjwa mwingine.

Bi Somoe alipopona tuliipata dozi yake halisi baada ya kumpima tena na tena: vidonge viwili. Ndivyo mwili wake ulivyohitaji wakati wote. Alirudi kiwandani, akapata cheti cha mfanyakazi bora, akazeeka. Hakuwahi kuniuliza lolote kuhusu siku zile, nami sikumwambia kwamba dada yake alifika dirishani. Nilikuwa mwoga. Kila nilipojitayarisha kusema, foleni ilikuwa ndefu.

Nilibadili kazi yangu, hilo naweza kulisema. Niliiacha kanuni ya Bwana Mganga, Mungu amrehemu, ingawa nilitumikia vituo vingine viwili chini ya wakubwa walioiamini. Kila mgonjwa wa tezi nilimtoa kwenye foleni, nikaketi naye kwenye benchi, nikamuuliza nani yuko nyumbani, nani mwingine anasikia baridi, dawa inakaa wapi na nani anaishika. Muuguzi Mkuu mmoja aliniambia, "Mzee, wewe ni mtoa dawa au mjumbe wa nyumba kumi?" Nikamjibu vyote viwili. Tuliwapata ndugu kadhaa kwa njia hiyo, mama na binti, dada na dada, kila mmoja na kadi yake. Kwa hiyo nyie mlio madirishani sasa, pamoja na mashine zenu za kupima damu, msiulize tu kama dawa imekwisha. Aliyezoea kugawana atagawana, na hatakwambia, kwa kuwa haoni kosa. Muulizeni kwa upole.

Mwezi niliostaafu, Bi Somoe, aliyekuwa akinifuata kila kituo nilichohamia, alikuja kuchukua vidonge vyake kutoka mkononi mwangu kwa mara ya mwisho. Alikuwa bibi sasa, anatembelea mkongojo. Nilitoka nje, nikaketi naye, nikamwambia yote: kikopo, kelele, dirisha nililofunga, siku moja niliyochelewa. Nilikuwa nalia, mtu mzima mwenye mvi.

Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga vidonge kwenye pindo la khanga.

"Nilijua, kaka," alisema. "Dada alikuja wodini jioni ile ile. Aliniambia kompaunda kamfukuza mbele za watu. Akaniambia, lakini usije ukamnunia, Somoe, maana dawa yako iko mkononi mwake."

Na mimi miaka yote ile, kila alipokuja dirishani akanisalimu kwa upole na kuniuliza hali ya watoto, nilidhani hajui.