Mwamiaji Aliponyamaza Lamboni

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha wanyamapori Ngarambe, sikupewa bunduki. Nilipewa darubini na mgeni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, tumeambiwa watalii ni mali, na huyu mzungu wetu mpole alitaka ndege tu. Nikacheka moyoni. Ndege nao wanatazamwa nini, jamani?

Mkuu wa Kituo, mtu wa bara asiye na maneno mengi, akatupeleka lamboni, yaani kwenye bwawa la kuchimbwa. Tukajibanza kwenye matete, tukaona korongo, mnandi na furukombe. Ng'ambo kulikuwa na mpunga wa Bi Somoe, naye yuko juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu cha kuamia ndege. Tangu asubuhi mwamiaji huyo alikuwa akiwafukuza kwelea kwa mayowe na kuwatukania mama zao. Mgeni akanung'unika kwamba anamharibia kazi.

Jua lilipopanda, kukawa kimya. Kwelea wakashuka mpungani kama moshi. Mgeni akafurahi, picha juu ya picha. Nami nikafurahi, mjinga mimi. Mkuu peke yake alishusha darubini.

"Mama kanyamaza," akasema. "Mtazame."

Nikatazama. Bi Somoe alikuwa palepale, ameketi, kamba ya makopo mkononi, macho wazi, hapepesi. Ndege wanaumaliza mpunga wake wa mwaka mzima, naye kimya. Nikadhani amekufa ameketi. Kisha nikaielekeza darubini chini. Chini ya dungu, kivulini, simba jike alikuwa amelala, kichwa juu, anamtazama yeye tu.

Tukazunguka lambo, Mkuu akapiga risasi hewani kwa bunduki yake. Simba akaondoka taratibu, wala hakukimbia. Bi Somoe hakutushukuru. Aliwageukia ndege, akafungua kinywa kupiga yowe. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, hola. Akalia, na kilio nacho hakikuwa na sauti.

"Mpigieni kelele, tumfukuzie ndege," Mkuu akasema.

Tukapiga, mimi, yeye, na mgeni kwa lugha yake, mpaka jua likazama.

Baadaye nilihamishiwa Mohoro, nikapanda hadi mkuu wa doria, nikastaafu. Sasa naishi Bungu, jirani na mashamba. Vijana hunicheka wakiniona nimesimama ghafla njiani. Mwamiaji akinyamaza, mimi siendi mbele mpaka nimsikie tena. Akichelewa, naanza kupiga kelele mwenyewe, ajue kuna mtu.