Gauni la Kubana kwenye Ngazi ya Meli

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni ile baba mdogo alipofika kwetu Itigi na kusema amenipatia kazi melini. Yeye alikuwa mfanyakazi wa reli, na safari za Kigoma alizizoea. Uhuru ulikuwa bado mbichi, vijiji vya ujamaa hatujavisikia. Kazi yenyewe ilikuwa kutandika vitanda na kuwahudumia kina mama na watoto katika meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika. Wewe sasa unakwenda kufanya kazi baharini, kwenye meli ya watalii, ndefu kuliko stesheni yetu kama nimeielewa vizuri hiyo picha ya kwenye simu, na umeniuliza ufungashe nini. Umefanya vyema. Kuuliza si ujinga.

Hata mimi niliuliza, tena niliuliza mno. Ziwa nililolijua ni Singidani tu, pale Singida mjini, basi nikadhani Tanganyika ni Singidani lililoshiba mvua. Watu wa melini wanavaa nini? Wanatembea peku? Maji yanaingia vyumbani? Kila treni ya kutoka Kigoma ilipofika, nilifuatana na mama aliyekuwa akiuza asali stesheni, nikawauliza abiria madirishani. Mmoja akaniambia huvaa nyeupe kama masista. Mwingine akasema, "Dada, utatapika tu, vaa chochote." Aliyejibu kwa uhakika ni fundi cherehani wetu, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya kisima cha misheni. Alikuwa na picha ya gazeti: mwanamke amesimama mlangoni mwa ndege, gauni limembana mpaka magotini.

"Meli na ndege ni ndugu," akasema, akanishonea lile lile.

Viatu vya mchuchumio nikaazima kwa shangazi. Sweta nikaliacha, maana nani avae sweta kwenye joto la ziwani? Mama naye akaweka kibuyu cha asali juu ya nguo zangu, ndani ya sanduku la bati. Cheka tu, mwanangu. Mimi mwenyewe huwa nacheka.

Kigoma baba mdogo alinikabidhi kwa Bi Tausi, mwanamke wa Ujiji, mtu mzima, aliyewasimamia wanawake wote wa melini. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Panda juu nikuone."

Ngazi ilikuwa ya chuma, imesimama kama ukuta. Niliinua mguu, gauni likakataa. Nikajaribu ubavu, likakataa tena. Wapagazi wakaangua kicheko.

"Anastazia," akasema Bi Tausi, "umekuja kufanya kazi au kuposwa?"

"Kufanya kazi, Bi."

"Mtaka cha mvunguni huinama. Humu kila kitu kiko mvunguni. Gauni hili litakuruhusu?"

Nikavua viatu, nikalipandisha gauni juu ya magoti, nikapanda. Aliponifungulia sanduku, asali ilikuwa imemwagika yote. "Hizi si nguo," akasema, "huu ni mzinga." Akamrudishia baba mdogo sanduku zima aende nalo Itigi. Kisha akanionyesha chumba. Tulikuwa wanne humo, na kila mmoja alikuwa na rafu yenye upana wa mkono. Akanipa sketi yake pana, raba zilizochakaa na sweta, halafu akachukua kanga, akaikunja na kunikaza nayo kiunoni mpaka nikakosa pumzi.

Nikaanza maswali yangu. "Raba za nini, Bi?"

"Chuma kikilowa ni bamia."

"Na sweta?"

"Upepo wa kusini utakujibu."

"Na kibwebwe? Kwani tunakwenda ngomani?"

"Wewe binti unauliza! Funga, twende kazini."

Zamani zile vijiji vingi vya ziwani havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali, abiria wakaifuata kwa mitumbwi na kuingilia mlango wa ubavuni. Asubuhi moja, kule kusini, upepo uliamka na baridi ya kukata masikio, mitumbwi ikawa inapanda na kushuka. Mama mmoja akainua mtoto wake mchanga ili tumpokee. Nilipiga magoti mlangoni, nikamdaka makwapani. Papo hapo wimbi likauvuta mtumbwi, mama akaachia, uzito ukanivuta mimi. Kifua chote kikawa nje. Maji niliyokuwa na hamu ya kuyajua nikayaona yakinijia usoni.

Nikasikia kiuno kimekamatwa. Bi Tausi alikuwa ameishika ile kanga kwa mikono miwili.

"Usimwachie!"

"Simwachii, Bi!"

Akatuvuta ndani wote wawili. Mama wa mtoto alipopanda, alikaa sakafuni, akamnyonyesha, nami nikavua sweta nikawafunika. Nilisubiri Bi Tausi anikumbushe swali langu la kibwebwe. Hakunikumbusha. Alinikaza tu fundo lililolegea, akageuka kumpokea abiria mwingine.

Basi, mwanangu, kabla hujajiuliza utaonekanaje humo melini, jiulize mwili wako utafanya nini: utapanda, utainama, utabeba, utasimama kutwa. Sare watakupa wenyewe. Wewe chukua viatu visivyoteleza, uvivae hapa nyumbani mpaka vikuzoee. Nguo za ndani ziwe za kutosha, maana zamu haingoji nguo zikauke kambani. Beba sweta hata wakikuambia huko ni joto tupu. Beba dawa zako, na kanga, ambayo ni taulo, ni shuka, ni mengine niliyokwisha kukueleza. Weka na nguo moja nzuri ya kushukia bandarini, kupendeza sikukatazi. Zaidi ya hapo acha, kwa sababu chumba utakaa na wenzako, na sanduku lililojaa linakula nafasi ya mtu mwingine. Ukifika, mtafute aliyekutangulia, mwamkie, umsikilize hata akikucheka mbele za watu.

Mungu akutangulie majini na nchi kavu. Akupe wakubwa wenye huruma na usingizi usio na mashaka. Akurudishe salama Itigi hii, uje ukae hapa karibu yangu unisimulie, maana bahari mimi sijaiona, na mpaka leo nataka kujua ikoje.