Mjukuu wa Mhunzi Nyuma ya Kinanda

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri nilipoinua mkono, na aibu yangu yote naihesabu kuanzia mkono huo, maana hakuna aliyenilazimisha.

Niwaeleze taratibu, ingawa nimechoka kuisimulia (kijiji chetu kizima cha Mwimbi kinaisimulia vizuri kuliko mimi). Padri mzee wa misheni alikuwa anarudi kwao, akaandaa tamasha la kinanda kikubwa cha mabomba kilichomo katika kanisa lile la matofali lililojengwa na babu zetu, nasi tukatoka kijijini kwa lori la ushirika kwenda kusikiliza. Binti yangu Tekla angeimba peke yake, kinanda kikimsindikiza, mbele ya Sista aliyekuja kutoka mbali kuchagua msichana mmoja tu wa kwenda kufundishwa muziki shuleni kwao. Tekla alikuwa akifanya mazoezi tangu tulipopanda ulezi.

Sasa, kinanda kile hakina umeme. Nyuma yake kuna mvukuto mkubwa wa ngozi, na mtu husimama hapo akisukuma mpini ili mabomba yapate upepo. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Polikarpo. Aliwavukutia wasichana wawili, kisha kiuno kikamshika, akatuuliza kwa sauti ya chini sisi tuliokaa karibu: nani atampokea?

"Mimi," nikasema.

"Wewe mwalimu wa kisomo, utaweza?"

"Babu yangu alikuwa mhunzi, mzee. Na kitabu cha vinanda nimekisoma mara mbili."

"Haya. Lakini polepole, kama unambembeleza mtoto."

Nikaitikia bila kusikia. (Kitabu chenyewe kilieleza mabomba, mpini hakikuutaja.)

Tekla akaanza vizuri. Mimi nikauona mpini mzito, na mikono ikarudi yenyewe kwenye kibanda cha babu, ambako chuma kinataka upepo wa haraka, mapigo mawili mafupi na moja refu, ukilegea kidogo tu moto unalala. Kinanda kikaanza kuhema. Sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda, kama mbuzi anayekimbizwa, nami nikidhani upepo hautoshi nikaongeza (hapo ndipo mwenye akili angepunguza). Wazee wakautambua mdundo, miguu ikaanza kugonga sakafu, na bibi mmoja akasema, kanisa zima likamsikia, "Jamani, huyo anafua jembe!"

Mwenzake akadakia, "Mwambie na langu limekwisha makali!"

Watu wakacheka. Nikaongeza tena. Ngozi ikapasuka. Mabomba yakatoa mlio mmoja mrefu wa ng'ombe anayekata roho, halafu kimya, na katika kimya hicho nikamsikia Tekla akiendelea maneno matatu, la nne likamkwama. Nilipochungulia, alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwani.

Padri akaja nyuma, akautazama mvukuto, akanitazama mimi. "Pole," akasema, na mpaka leo sijui alikuwa anatupa pole mimi na Tekla au mvukuto peke yake.

Sista alimchagua msichana wa kijiji cha Milepa, aliyeimba wakati Mzee Polikarpo anavukuta. Nilimwendea nikamweleza kwamba kosa ni langu, si la mtoto. Akasema anaelewa, lakini gari linamsubiri na msichana wa watu amekwisha kuambiwa. Kwenye lori letu vijana walinivukutia kwa midomo njia nzima, fu-fu-fuuu, fu-fu-fuuu.

"Baba," akasema Tekla tulipoteremka, "ungekaa tu."

Tangu siku hiyo sipokei kazi ya mtu kabla sijamtazama akiifanya hadi mwisho, na wakiuliza nani anaweza, mikono yangu naikalia. Ngozi za mbuzi, gundi na fundi wa kuutengeneza mvukuto nililipia kwa fedha niliyokuwa nimeweka ya sanduku na viatu vya Tekla vya kwendea shule, wala sikuhitaji kukopa, kwa kuwa vitu hivyo havikuhitajika tena: jumla ilikuwa shilingi arobaini na nane.