Mkono Uliosingiziwa

Binti yetu ana shoto tangu mdogo. Kijiko, chaki, jiwe la kuangulia maembe, vyote alishika kwa kushoto. Nilimfundisha kula kwa mkono wa kulia kama nilivyolelewa, mengine nikamwachia.

Alipokaribia kuanza shule ya awali, maneno yakaanza kumkwama. Alifumba macho, shingo ikamkakamaa, hadi neno litoke. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye hapa Magomeni, hakutafuta sababu mbali.

"Ni huo mkono," aliniambia tukibangua korosho uani. "Umemdekeza, mwanangu. Mkono ukienda upande usio wake, na ulimi unapotea."

Nikamtazama mume wangu, aliyekuwa amekaa karibu nasi, nikitegemea atanitetea.

"Mama kaona mengi," alisema. "Tujaribu."

Mume wangu akachana kanga yangu kuukuu, akamfunga mtoto mkono wa kushoto ubavuni. Mtoto hakulia. Aliniangalia mimi tu.

Kigugumizi kikazidi. Majirani wakawa wananisema: mwanamke kasoma, lakini kamwachia mtoto shoto mpaka kaharibika. Mume wangu aliyasikia, akanyamaza. Ilifika mahali hata mimi nikaamini.

Mwishowe nilimbembeleza mume wangu tumpeleke mtoto hospitali. Daktari, dada mmoja mtaratibu, alicheza kwanza na mtoto, kisha akatuuliza, "Kwenye ukoo, kuna mtu aliyewahi kuwa na kigugumizi?"

"Kwetu hakuna," nilijibu.

"Na kwetu hakuna," akasema mume wangu.

Daktari akatuambia tuufungue mkono. Shoto si ugonjwa, alisema, na kumlazimisha mtoto abadili mkono kunaweza kumwongezea hofu. Chanzo cha kigugumizi wataalamu bado wanakichunguza, kwenye namna ubongo unavyoongoza usemi, ila mara nyingi hurithiwa. Mume wangu alikuwa anaangalia dirishani.

Sikukuu ya Idi, wifi yangu mkubwa alikuja kutoka Mtawanya. Tukiwa tunakula, binti akakwama akiomba maji. Wifi akatabasamu.

"Baba yake mtupu. Naye akiitwa jina darasani, machozi yalikuwa yanatangulia kabla hajaitika. Mama, unakumbuka?"

Mama mkwe akaomba asogezewe kachumbari. Mume wangu akaendelea kula pilau lake. Hapo nikajua kwamba wote wawili walikuwa wanajua tangu mwanzo.

Wageni walipoondoka nilimfuata mume wangu uani.

"Niliona aibu," alisema. "Mimi kiliniacha chenyewe nilipokua. Nikadhani na yeye kitamwacha."

"Na mimi nilipokuwa nasemwa?"

Akainama kukusanya sahani za wageni. Mama yake naye hajaligusa jambo hilo mpaka leo.

Binti sasa anaandika kwa kushoto, na kigugumizi kimepungua ingawa hakijaisha. Juzi baba yake alimsimulia habari zake mwenyewe. Mtoto akamuuliza, "Ba-baba, neno gani lilikuwa linakusumbua zaidi?"

"Jina langu," akamjibu, wakacheka wote wawili.

Nilikuwa mlangoni na beseni la nguo. Nilifurahi kwa ajili ya mwanangu. Lakini siku hizi mume wangu akiniambia geti kalifunga, nasubiri aingie chumbani, kisha natoka kwenda kuangalia.